Mzizi wa Kuachisha Ziwa

Katoni ya vitabu ilifika mchana, mume wangu akiwa darasani, kwa hiyo mimi ndiye niliyetia sahihi na mimi ndiye niliyeifungua kwa kisu cha jikoni. Sikuifungua kwa pupa. Nilifuta meza kwanza, nikanawa mikono, nikakaa. Mtu unapongoja kuona jina lako limechapwa kwa mara ya kwanza maishani, hutaki kulishika na vidole vinavyonuka kitunguu.

Jalada lilikuwa la kijani, zuri. Kichwa cha kitabu kilikuwa kilekile nilichokipa mimi: Mbali na Kifua. Chini yake jina la mume wangu, na mbele ya jina hilo ile "Dkt." yake. Nikageuza nyuma. Nikakuta picha ya mume wangu, amekunja mikono, anatazama pembeni kama mtu anayengoja basi. Nikafungua ukurasa wa haki za mwandishi, nako jina lake. Nikafika kwenye shukrani. Alimshukuru Mungu, akaishukuru bodi ya chuo, akamshukuru askofu, akawashukuru wapiga chapa kwa uvumilivu wao, na mwisho kabisa, baada ya wapiga chapa, akaandika: "na mke wangu mpendwa, kwa chai na maombi."

Nilikisoma kimstari kile mpaka macho yakauma. Maombi sikatai, nilikuwa nikiomba. Chai pia alikunywa. Lakini kitabu kile niliandika mimi, na hapa sisemi kwa mafumbo kama wake wengine wanavyosema "tumejenga pamoja". Niliandika, kwa vidole hivi, kuanzia sura ya kwanza hadi ya mwisho, na yeye akaongeza utangulizi ambao ukiuondoa kitabu kinapumua vizuri zaidi.

Ngoja nieleze kazi yenyewe, maana bila kuielewa utadhani ni mke tu anayetafuta ugomvi.

Mimi na mume wangu tulisoma chuo kimoja cha theolojia, darasa moja, na Kiebrania tulifundishwa na mwalimu mmoja. Alikuwa mama mkali tuliyempa jina la Bibi Nukta, kwa sababu maandishi ya Kiebrania yana nukta chini na juu ya herufi, na ukikosea moja tu alikurudishia karatasi nzima. Mimi Kiebrania kiliniingia. Mume wangu kilimtokea puani. Siku moja Bibi Nukta alitukuta tumesimama wawili mlangoni, akatuangalia kwa juu ya miwani, akasema kwamba mmoja wetu ana macho na mwingine ana koo, na tukioana tutapata mhubiri mmoja kamili. Tukacheka, tukaoana. Yeye akaendelea na masomo hadi udaktari. Mimi nikapata mimba ya pacha, na pacha walipokua kidogo nikaishia kuwa mkutubi wa chuo kilekile, nimekaa mezani pale mlangoni nikigonga mihuri kwenye vitabu vya watu.

Lakini macho hayakwenda popote. Chuo kilipompa mume wangu programu ya Biblia, aliifungua siku moja, akachanganyikiwa na vidirisha vyake, akanisukumia kompyuta. Programu hiyo ina Maandiko yote ya Kiebrania ndani yake, na kila neno limefungwa kwenye mzizi wake, yaani zile herufi chache, aghalabu tatu, ambazo maneno mengine huzaliwa kutoka kwazo. Unaandika mzizi, unabofya, na inakuletea kila mstari ambao mzizi huo umo, hata kama umevaa nguo nyingine kiasi cha kutotambulika. Ukiona mzizi mmoja umerudiwa kwenye visa viwili vilivyo mbalimbali, unaanza kujiuliza kama msimulizi alifanya makusudi, na hapo ndipo utamu wa kazi hii ulipo. Iliandikishwa kwa jina la mume wangu, kwa hiyo kila nikiifungua inanisalimia, "Karibu, Daktari." Miaka yote hii nimekuwa nikiitikia.

Utaratibu wetu ulikuwa huu. Ijumaa angesema, "Mama Pacha, nitafutie mzizi wa kukumbuka, nina mahubiri," nami ningetafuta, ningeipanga mistari, ningeandika maelezo pembeni. Jumapili angepanda mimbarini na kuunguruma. Mimi nikiwa benchi la tatu nilisikia sentensi zangu zikinirudia kwa sauti nzito ya kiume, na watu wakitikisa vichwa kwa kuguswa. Sikulalamika. Niliihesabu kuwa kazi ya nyumbani, sawa na kumpigia pasi kola.

Kitabu kilikuwa jambo jingine kabisa. Siku tuliyowapeleka pacha wetu shule ya bweni, nilirudi nikakuta nyumba imenyamaza, kandambili zao ziko mlangoni, kila mguu umetazama upande wake. Mume wangu alikwenda kikaoni. Mimi nikakaa kwenye kompyuta, na bila kutumwa na mtu yeyote nikaandika mzizi wa kuachisha ziwa.

Mistari ikaja. Isaka alipoachishwa ziwa baba yake alifanya karamu kubwa, na haukupita muda mjakazi na mwanawe wakafukuzwa, wakaingia jangwani na kiriba cha maji. Hana alimwachisha Samweli, kisha akamchukua na kwenda kumwacha kwa kuhani mzee. Yupo mtoto wa mkimbizi mmoja aliyeachishwa ziwa na dada wa mama yake ndani ya jumba la Farao, na mama mzazi hatumsikii tena. Mke wa nabii Hosea alimwachisha binti yake, na sentensi haijaisha ameshabeba mimba nyingine. Kwa Isaya mtoto aliyeachishwa ziwa anacheza kwenye tundu la nyoka, na hakuna mtu mzima karibu. Nikaitazama ile mistari, nikazitazama zile kandambili, nikaanza kuandika.

Uti wa mgongo wa kitabu ulikuwa sentensi moja: katika Maandiko yote ya Kiebrania, hakuna mahali popote tunapomwona mtoto aliyeachishwa ziwa akiwa bado na mama yake. Kuachishwa ni kuondoka. Niliisema hivyo, nikaizungushia sura nzima, ile ya nne, na kila sura iliyofuata iliegemea hapo. Sikuwa nimewahi kuandika kitu kirefu namna ile, na niliandika nikilia na kupenga kamasi bila aibu, maana nyumba ilikuwa yangu peke yangu.

Mume wangu aliomba kukisoma. Akakisoma, akalia naye, hilo sitamnyima. Akasema lazima kichapwe, majina mawili kwenye jalada, lake na langu, na kwamba yeye ndiye ataongea na mchapishaji kwa kuwa wanafahamiana. Wakati huohuo Mkuu wa Chuo alikuwa anastaafu, na ilijulikana kwamba bodi inataka mtu aliyechapisha kitabu. Mimi hayo mambo mawili sikuyaunganisha. Macho ninayo, lakini mume wangu nilikuwa nimeacha kumsoma.

Aliporudi jioni ile alikuta kitabu kimoja juu ya meza, kimefunguliwa ukurasa wa shukrani. Hakujifanya haelewi. Kwanza alisema mchapishaji amemwambia jina moja linauza kuliko mawili. Nilipomuuliza kwa nini jina hilo moja lisiwe langu, akahamia kwenye bodi, jinsi ilivyo, jinsi wazee wale walivyo. Nilipomwambia wazee wale hawakuandika hata koma, akashusha sauti, akaja na ile ya mimbarini.

"Mama Pacha, mimi na wewe si mwili mmoja?"

"Mwili mmoja, sawa," nikasema. "Mbona jina la mwili ni lako peke yako?"

Akasema toleo la pili tutaliweka langu, akishapata ukuu wa chuo. Akala, akashiba, akasifia mboga, akaenda kusahihisha mitihani.

Mimi hasira zangu si za kuvunja vyombo. Ni za kuviosha. Nilisugua sufuria mpaka zikaonyesha uso. Kuanzia siku ile nikaacha kumwita Baba Pacha, nikamwita Daktari, kavu, kila sentensi: Daktari maji ya kuoga tayari, Daktari soksi ziko kwenye kiti. Hakugundua. Dunia nzima inamwita hivyo, hata mama yake mzazi, kwa hiyo silaha yangu kali kuliko zote ilimpata kama heshima. Kazini niligonga mihuri kwa nguvu mpaka wanafunzi wakawa wananivizia nitoke mezani ndipo waje kuazima. Uzinduzi ulikuwa Jumamosi, na kadi zilikuwa zimeshasambazwa, na mimi nilikuwa nimepangiwa kukaa mlangoni na meza ya kuuzia vitabu.

Alhamisi mchana sikuwa na zamu. Nikaamua kumwandikia mchapishaji mwenyewe. Programu huhifadhi kila utafutaji pamoja na saa yake, na nilijua nyingi kati ya saa hizo mume wangu alikuwa darasani mbele ya wanafunzi, kwa hiyo ushahidi ningekuwa nao. Nikafungua. "Karibu, Daktari." Nikaurudisha ule utafutaji wa siku ya kandambili, ili nipige picha ya skrini.

Hapo ndipo nikaona, chini kabisa kwenye pembe, kidirisha kidogo cha mipaka. Kilikuwa kimeandikwa: Torati na Manabii.

Maandiko ya Kiebrania yana mafungu matatu, Torati, Manabii na Maandishi, na Zaburi zimo kwenye fungu la tatu. Wiki chache kabla ya siku ile mume wangu alitaka mistari ya manabii kwa ajili ya semina, nikaifunga programu isivuke mipaka ya mafungu mawili ya kwanza. Nayo ni mtumishi mtiifu, ukiifunga inabaki imefungwa mpaka uifungue. Sikuifungua. Nilitafuta mzizi wangu nikiwa nimeiambia mashine isiangalie theluthi nzima ya Maandiko, kisha nikaandika "hakuna mahali popote".

Nikaondoa mipaka, nikabofya. Ikaja ile mistari yangu ya zamani, ikaja na mingine ambayo mzizi huo una maana tofauti, ya kumtendea mtu jambo au kumlipa, hiyo nikaipita. Halafu ikaja Zaburi ya mia moja thelathini na moja. Ni fupi, unaimaliza kabla pumzi haijaisha. Mtu anasema ameituliza nafsi yake, imenyamaza, iko kama mtoto aliyeachishwa ziwa juu ya mama yake. Juu ya mama yake. Na kana kwamba anajua kuna mtu atakuja kubisha, anaurudia mzizi uleule mara ya pili ndani ya mstari uleule.

Zaburi hiyo naijua. Nimeisoma kanisani kwa sauti, nimewafundisha pacha waikariri. Swali lililoniumiza si jinsi mashine ilivyokosea, maana mashine haikukosea kitu. Nililojiuliza ni jinsi mtu anayejua Zaburi kwa moyo anavyoweza kuandika kitabu kizima asiikumbuke. Jibu nililipata haraka na sikulipenda. Siku ile sikutaka kumwona mtoto yeyote akiwa na mama yake. Mashine ilinipa nilichokitaka, nikaifunga.

Barua ya mchapishaji sikuiandika. Ningemwambia nini, kwamba kitabu hiki kilichovunjika ni changu, tafadhali andika jina langu juu ya vipande? Hasira yangu ilikuwa imesimama kwenye kitabu, na sasa kitabu kimeondolewa chini yake, lakini hasira yenyewe haikuanguka. Iliendelea kusimama vilevile. Kibaya au kizuri, kilikuwa changu, na kilikuwa kimechukuliwa.

Halafu nikamkumbuka Bibi Nukta. Alikuwa amestaafu lakini alialikwa, na angekaa mbele. Mama yule ana Zaburi kichwani kama wengine tulivyo na namba zetu za simu. Angeinua tu kidole, na mume wangu angepotea mbele ya bodi na askofu.

Kwa hiyo nilikwenda kumwambia mume wangu. Naliandika hili ili lijulikane, nilikwenda. Nilimkuta chumbani mbele ya kioo cha kabati, amevaa koti jipya juu ya fulana, anajifunza kushusha sauti mwisho wa sentensi. Nikasimama mlangoni, na kwa mara ya kwanza wiki ile nikamwita jina lake la nyumbani.

"Baba Pacha, kuna tatizo sura ya nne."

Akauliza kama ni makosa ya chapa. Nikamwambia si chapa, ni ule mzizi wenyewe, utafutaji haukuwa kamili. Akaninyooshea kiganja, vilevile anavyowanyamazisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza.

"Mama Pacha, mambo ya kitaalamu niachie mimi. Wewe hakikisha Jumamosi chai inawatosha watu."

Kisha akageukia kioo.

Nilibaki pale mlangoni nikimwangalia mgongo. Mshono wa koti ulikuwa umeachia kidogo chini ya kwapa, na hilo nalo sikumwambia. Nikafunga mlango taratibu, nikarudi jikoni, nikanyamaza. Wala sitajifanya malaika: nilinyamaza kwa raha.

Jumamosi ukumbi wa chuo ulijaa. Bodi mstari wa mbele, askofu katikati yao, na pembeni Bibi Nukta, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, miwani ileile, mkoba mapajani. Mimi nilikuwa nyuma mlangoni na rundo langu la vitabu vya kijani. Mama mkwe alikataa kiti cha mbele alichowekewa, akaja kukaa nami, kwa madai kwamba kule mbele kuna feni. Akachukua kitabu kimoja, akakigeuza, akaangalia picha ya mwanawe.

"Eti kinahusu nini?" akaniuliza.

Nikamwambia kinahusu kuachisha watoto ziwa.

Mama mkwe akafikiri. "Na huyu naye alijulia wapi hayo? Hata hao pacha wakilia alikuwa anachukua mto anahamia sebuleni." Akakirudisha kitabu kwenye rundo na kukinyoosha kilingane na vingine. Aliniangalia kidogo, kisha akaangalia mbele.

Mume wangu alisema vizuri. Nikikataa hilo nitakuwa mwongo. Alianza chini, akapanda, akasimulia nyumba iliyonyamaza na kandambili mlangoni, kandambili zangu hizo, akasema "nilikaa nikazitazama" na mwanamke mmoja wa safu ya tatu akatoa leso. Mambo ya mizizi ningeweza kuyavumilia, hayo ni elimu, elimu ni ya wote. Lakini siku ile yeye alikuwa kikaoni. Alikuwa amechukua hata machozi yangu, ameyavalisha koti lake, wageni wote wakayaona yanamkaa. Akamaliza na sentensi yenyewe, akaishusha sauti pale alipojifunza kuishusha. Hakuna mahali popote. Watu wakapiga makofi.

Mshereheshaji akauliza kama kuna maswali, kwa namna ile ya kuomba yasiwepo. Bibi Nukta akainua kidole. Kipaza sauti akakikataa kwa mkono. Hakusimama, na hakuhitaji kusimama.

"Daktari, hongera," alisema. "Umesema hakuna mahali popote. Zaburi ya mia moja thelathini na moja umeisoma?"

Mume wangu akatabasamu. Akasema Zaburi ni mashairi, na mashairi yana njia zake, na ni swali zuri sana. Bibi Nukta akamwambia ni swali fupi tu, na Biblia iko mbele yake. Ikabidi aifungue. Ukumbi mzima ulisikiliza karatasi zikigeuzwa. Nikaona anasoma, anarudia. Masikio ya mume wangu nayajua. Yakibadilika rangi hivyo, ndani hakuna kitu kilichobaki kimesimama. Askofu alikuwa naye amefungua ya kwake, na mjumbe mmoja wa bodi akamwinamia aone.

Mume wangu akafunga Biblia, akajifuta paji la uso. Halafu akainua macho, akayapitisha juu ya vichwa vya watu wote mpaka nyuma kabisa, akanipata. Alinitazama hivi, na katika kutazama kule nilidhani ananiomba msamaha. Nasema ukweli, nilikuwa tayari kumpa. Miaka yote ile ya ndoa ilinijia mara moja, na kama angesema neno moja tu la kweli, ningemchukua mkono tukaenda nyumbani tukacheka.

"Ndugu zangu," akasema, "lazima niwe mkweli mbele yenu. Kazi ya kutafuta mizizi kwenye programu sikuifanya mimi. Ilifanywa na mke wangu, yule pale mlangoni. Nilimwamini, sikurudia kukagua. Kosa hili ni lake."

Akaninyooshea kidole, ili asije mtu akakosea mke.

Vichwa vyote viligeuka. Katika ukumbi ule nimehudhuria mahafali, semina, ibada, nimepanga viti na kuvipangua, na jina langu halijawahi kutajwa na mtu yeyote aliyesimama pale mbele kwa jambo lolote lililoandikwa. Leo nimetajwa. Mama mkwe alinishika mkono chini ya meza, akaubana, kisha akauachia, na mpaka leo sijui kama alikuwa ananizuia au ananisukuma. Nikasimama.

Nilisema ni kweli. Nilisema kosa ni langu, niliifunga programu kwenye Torati na Manabii, nikasahau kuifungua, nikaruka fungu zima la tatu, na Daktari asilaumiwe kwa hilo kwa sababu Daktari hajui kidirisha cha mipaka kiko upande gani wa skrini. Mtu mmoja alicheka, akajikatisha. Nilisikia sauti yangu ikienda mbali bila kipaza sauti, na sikuitambua vizuri, lakini nikaiacha iende.

"Na ikiwa kosa la sura ya nne ni langu," nikasema, "basi sura ya nne yenyewe ni yangu. Na ya tatu, na ya tano, mpaka mwisho. Kandambili ni zangu. Daktari siku hiyo alikuwa kikaoni."

"Mama Pacha, kaa," mume wangu alisema. Alisema polepole, lakini kipaza sauti kilikuwa mkononi, kila mtu akasikia.

Sikukaa. Askofu aliangalia vidole vyake. Nilibaki nimesimama nyuma ya rundo la vitabu, hasira bado iko vilevile, haina pa kwenda.

Ndipo Bibi Nukta akainuka, akashika kiti chake kwa mikono miwili, akaanza kukigeuza. Kilikuwa cha chuma, kizito, kikapiga kelele sakafuni. Mjumbe wa bodi alijaribu kumsaidia, mwalimu akamtolea macho. Alikigeuza mpaka mgongo wake ukaelekea jukwaa, askofu na mume wangu, na uso wake ukaelekea mlangoni. Akakaa, akaweka mkoba mapajani, akaniangalia kama alivyokuwa akituangalia darasani, bila huruma hata chembe.

"Basi nakuuliza wewe," akasema. "Zaburi ya mia moja thelathini na moja umeisoma?"

"Nimeisoma, mwalimu. Nimeisoma Alhamisi."

"Na kitabu?"

"Imekivunja," nikasema. "Imekivunja kitabu changu chote."